Neno Nililolikwangua kwenye Picha ya Namba 27

Mzee yule aliingia bandani na kisu mkononi, akaenda moja kwa moja hadi kwenye picha yangu.

Kilikuwa kisu cha kukunja tu, cha kukatia mkate na kitunguu saumu. Lakini kisu ni kisu.

"Mzee, weka hicho chini!" mlinzi akapiga kelele.

Hakugeuka. Ncha ilikuwa tayari kwenye kona ya turubai.

Ndugu zangu, picha ile niliichora majira yote ya baridi. Mimi ni Panas Zahoruiko, fundi mstaafu wa ndege za kivita. Sekondari niliimaliza kwa masomo ya jioni, na kuchora nikajifunza jioni vilevile, kichwa kikiwa na mvi tayari. Sioni haya kulisema, najivunia.

Siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uwanja wetu mdogo wa ndege, nje ya mji wa Poltava, huku Ukraine. Ndani ya banda tulitundika picha zetu, sisi wanajeshi wastaafu tunaochora ndege. Nje, marubani vijana walikuwa wakicheza na ndege za mafunzo. Majaji wa kutoka Kyiv walitarajiwa mchana, na picha moja ingechukuliwa na jumba la makumbusho.

Nilijua ni yangu.

Ilikuwa ndege namba 27, inapaa kwenda kugeuzwa chuma chakavu. Kwenye kona niliandika kwa mkono wangu: SAFARI YA MWISHO.

"Nakupa onyo la mwisho!" mlinzi akasema.

"Sema la pembeni, mwanangu," mzee akajibu taratibu. "Watu wako angani."

Nikamgeukia.

Kwetu, mtu aliyewahi kuruka, au kuwahudumia wanaoruka, hatamki "mwisho" uwanjani. Sigara ya mwisho, glasi ya mwisho, safari ya mwisho, vyote tunaviita vya pembeni. Kazini sikuwahi kuteleza. Halafu nikaenda darasani, nikaambiwa picha nzuri inataka jina zito, nikajisahau.

"Mwache," nikamwambia mlinzi. "Afande, wewe ni nani?"

"Deineka. Kanali mstaafu. Wewe ndiye uliyeandika uchuro huu?"

"Ndimi. Na picha haikwanguliwi."

"Hebu sikiliza nje, fundi."

Nikasikiliza. Muziki ulikuwa umezimwa. Injini moja tu ilisikika, inapita, inazunguka, inarudi. Mlangoni watu walikuwa wamesimama kimya, nyuso juu.

"Magurudumu yamegoma kutoka," Kanali akasema. "Na ndege hiyo wameipaka namba gani? Ishirini na saba! Eti kwa heshima ya picha yako. Aliyemo ni Solomiya, binti yangu. Sina mwingine."



Bi Klavdia, msimamizi wa maonyesho, akatuingilia, akiniita pamoja na jina la baba yangu, kama ilivyo heshima kwetu. "Panas Hryhorovych, picha yenye mkwaruzo haiendi kwa majaji. Na nyinyi wazee mna mambo! Chuma kinasoma herufi?"

"Chuma hakisomi, dada," Kanali akajibu. "Mimi ndiye ninayesoma."

Nikasimama katikati yao kama refa aliyemeza filimbi. Kichwa kiliniambia, ushirikina huo, msomi mzima! Lakini mikono yangu ndiyo iliyokuwa ikiwafungia marubani kifuniko cha chumba chao kabla ya kuruka, na ilikataa kumzuia Kanali.

 

Kanali akakwangua. Herufi M ikaanguka sakafuni, vumbi la rangi nyeupe.

"Baba! Unafanya nini na hicho kisu?"

Tuligeuka wote.

Alikuwa msichana mwenye skafu shingoni, pua nyekundu, kikombe cha chai mkononi.

"Solomiya?" Kanali akanong'ona.

"Daktari kanizuia asubuhi. Mafua, masikio yameziba. Nimekupigia mpaka nimechoka, wewe na simu yako!"

Kisu kikamponyoka Kanali. Akamkumbatia binti yake, chai ikawamwagikia wote wawili.

Bi Klavdia akacheka kwa nguvu. "Si nilisema? Haya, Panas Hryhorovych, chukua brashi. Ni herufi moja tu, majaji hawataona."

Kweli ilikuwa moja tu. Brashi nilikuwa nayo mfukoni. Nikaitoa.

Ndege ikapita tena juu ya paa, chini zaidi. Madirisha yakalia.

"Sasa aliye juu ni nani?" nikauliza.

"Nazar," Solomiya akasema, tabasamu limekwisha. "Amehamia juzi tu, hana mtu hapa. Na mafuta yake hayatoshi mizunguko mingi."

 Hakuna hata mmoja wetu aliyemjua.

Nikairudisha brashi mfukoni. Nikainama, nikaokota kisu.

"Panas Hryhorovych! Huyo si wenu!"

"Na binti wa Kanali nilikuwa namjua?"

Nikakwangua neno lote lililobaki, mpaka kitambaa kikaonekana.

Nje watu wakapiga yowe. Nilifumba macho. Nilipoyafumbua, Kanali alikuwa mlangoni anapunga kofia kama kichaa. Ndege ilikuwa chini, inakwenda kwa magurudumu yake yote.

Nazar aliivuta ndege juu kwa ghafla, uzito ukayasukuma magurudumu yakashuka. Mimi ni fundi, naamini hivyo.

Majaji walikuja. Mmoja akainamia ile kona. "Safari ya... ya nini?"

"Haijaisha," nikamjibu.

Makumbusho walichukua picha ya mtu mwingine.

Nazar mwenyewe aliingia baadaye, shati limeloa jasho, akaitazama yangu kwa muda. "Kazi safi hii! Nani mpumbavu kaiharibu?"

Mimi na Kanali tukanyoosha mikono pamoja, kama watoto wa shule.

Nimeyaleta haya kwenu kwa sababu moja. Mtu akiwa hatarini, usingoje kwanza uambiwe ni mtoto wa nani.