Nilivyomuua Mjomba kwa Tafsiri

Jamani, hili nalisema huku nimeziba uso kwa kiganja, maana aibu yake bado mbichi, ila kila nikikumbuka Idi za kwetu Mbuchi linakuja lenyewe mbele, kabla hata ya pilau, basi acha niwape mcheke, mie nipumue.

Enzi zile banda la video lilikuwa moja tu, la Shebe, makuti juu, turubai jeusi pembeni ili jua lisiingie, jenereta nyuma linanguruma, na Idi Pili mchana kijiji kizima kinahamia humo, watoto na nguo zao mpya mbele mchangani, akina mama kwenye mikeka, wazee wanawekewa viti. Leo kila mtu ana simu yake anaangalia peke yake, lakini wakati ule, wallahi, filamu tulikuwa tunaila pamoja kama sinia la wali.

Sasa Idi hiyo Shebe aliagiza kutoka Kibiti filamu ya jasusi anayelipiza kisasi, iliyotafsiriwa (mnawajua wale watafsiri wetu, wanakuelezea mpaka mawazo ya mbwa). Kumbe aliyetumwa kaleta isiyotafsiriwa. Kuweka, Kizungu kitupu! Watu wakaanza kupiga miluzi, Shebe jasho linamtoka, akanigeukia: "We si umesoma sekondari Kibiti? Njoo utufafanulie."

Ningesema siwezi yangeisha. Lakini kwenye mikeka alikaa Zuhura, ambaye wiki ile ile kwetu walikuwa wanajiandaa kumpelekea posa, na kwenye kiti cha mbele kabisa alikaa mjomba wake, Mzee Mbwana, aliyemlea tangu baba yake afariki, na bila yeye kupokea kilemba chake, ile haki ya mjomba, hakuna ndoa. Nikaona nafasi ya kujionyesha ndiyo hii. Nikasimama kando ya runinga, nikakohoa kidogo. (Kiingereza changu chenyewe kilikuwa cha kumwamkia mwalimu na kuomba ruhusa ya kwenda chooni.)

Mwanzo ulinipa moyo, maana kisasi hakihitaji kamusi: mke wa jasusi kauawa, jamaa kalia, kachukua bastola. Mara akatokea mzee mmoja mwenye mvi, mpole, akamshika jasusi bega, wakanywa chai. Sasa huyu nani? Banda zima linanisubiri, nami nikamtupia jicho Mzee Mbwana, nikasema kwa sauti nzito ya mtafsiri: "Huyu ni mjomba wake. Ndiye aliyemlea."

Loh! Banda likampenda yule mzee. Kila akitokea watu wanapiga makofi, "Mjomba! Mjomba!", nami naongeza chumvi, oh, anamwambia mwanangu kula kwanza, kisasi baadaye. Mzee Mbwana anatikisa kichwa kwa raha, mara anageuka nyuma kumtazama mpwa wake. Nikajua posa imeshapita.

Basi mwisho mwisho jasusi akaingia ofisini kwa yule mzee, wakasemezana maneno mawili matatu, na pu! Akampiga risasi ya kifua.

Mama mmoja akapiga ukelele: "Yallah! Kamuua mjomba wake?" Hapo ningekiri, sikukiri, nikasema hajafa, kazimia. Jasusi akamwongeza nyingine. Nikasema basi, kumbe mjomba ndiye aliyemuua yule mke! Wanawake wakanizomea: "Muongo! Aliyemwambia ale kwanza ni nani?" Katika kutapatapa likanitoka neno ambalo mpaka leo sijui lilitokea wapi: "Ndiyo dunia, jamani, hata mjomba akizidi unamwondoa."

Mzee Mbwana akainuka. Akachukua bakora yake, akasema, "Nimesikia," akatoka. Zuhura kajifunika kanga uso mzima, sijui analia, sijui anacheka.

Nje yakaanza maoni, maana kwetu filamu haijaisha mpaka ijadiliwe. Fundi mitumbwi akasema filamu nzuri ila jamaa anaruka ghorofani, hali chakula, halali usingizi, huyo si mtu. Vijana wakasema damu ya mke hailipwi kwa pole. Bibi muuza vitumbua akasema kisasi hakina mwisho, kesho watoto wa mjomba nao watamtafuta huyo jasusi. Wote wakimaliza wananitazama mie, utadhani bastola nilishika mimi!

Washenga wetu walipokwenda walirudi na jibu moja tu: Mzee Mbwana anamtaka kijana mwenyewe. Nikaenda. "Shikamoo, mzee." "Marahaba." Akanikalisha barazani, akanimiminia kahawa. Nikawa nangoja matusi.

"Mwanangu," akasema taratibu, "yule mjomba alikosa nini? Maana usingizi siupati. Umchukue mtoto, umlee, umlishe, halafu..."

Nilijiandalia maneno mengi njiani, nikayaacha yote. "Mzee, sijui. Kile Kiingereza sikukielewa hata kidogo. Nilimwita mjomba ili nikufurahishe wewe."

Akanikazia macho. "Kwa hiyo si mjomba wake?"

"Pengine bosi wake tu, mzee."

"Alhamdulillahi!" Alishusha pumzi ndefu, kisha akacheka mpaka kofia ikamwanguka. "Bosi? Ah, basi, halali yake!" Na kilemba akakipokea.

Mzee Mbwana sasa ametangulia mbele ya haki, na banda la Shebe wanahifadhia nyavu. Ningetoa chochote nimwone tena pale mbele, anageuka nyuma kumtazama mpwa wake. Zuhura ndiye mke wangu, na tukiangalia filamu akiniuliza, "Baba Mwajuma, huyu mzee ni nani?", namjibu sijui, tungoje watasema wenyewe. Ananicheka, na acheke tu. "Sijui" haijawahi kumuua mjomba wa mtu.