Tulivyoketi Chini kwa Ajili ya Jogoo

Wenzangu wa rika langu mtanishuhudia, kwa sababu hawa waliozaliwa na simu mkononi hawataamini. Enzi zetu penseli ilichongwa kwa wembe, na wembe mmoja ulizunguka darasa zima mpaka ukawa haukati hata ugali. Kule Uriri tulikwenda shule pekupeku, umande ukituuma vidole, na saa sita tulikula nyoyo, yale mahindi na maharagwe ya kuchemshwa, pamoja na wadudu wake. Tuliwaita nyama ya bure. Siku hizi mtoto akiona sisimizi kwenye sukari anataka kumwona daktari.

Nyumbani kulikuwa na redio moja, na redio hiyo ilikuwa ya baba. Baba alikuwa mchuuzi wa ng'ombe asiyewahi kupanda ndege, lakini siasa za Amerika alizijua kuliko alivyojua majina ya watoto wake. Fahali wetu alipewa jina la rais wa kule. Rais huyo alipojiuzulu kwa aibu, baba alisusa chakula kutwa nzima, na siku ya mnada akamswaga fahali mpaka Ogwedhi akamuuza. Alisema hawezi kufuga kashfa.

Kilichomtoa machozi hasa ni habari za watu weusi wa huko, waliokatazwa kula kwenye mikahawa ya wazungu.

"Wanapika wao, wanaosha sahani wao, halafu kula hawaruhusiwi!" alikuwa akisema, anajipiga kifua. "Nyasaye, Mungu wangu! Binadamu gani anamfanyia mwenzake hivyo?"

Kisha alitusimulia jinsi vijana walivyoingia humo, wakaketi, wakatukanwa, wakakataa kuinuka mpaka sheria ikabadilika. Sisi tulimsikia vizuri kabisa, maana tulikuwa jikoni tukimpikia kuku ambaye hatukuruhusiwa kumla.

Ndiyo, kwetu mwanamke hakula kuku. Alimfuga, akamfukuzia mwewe, akamnyonyoa, akampika, akampeleka duol, ile nyumba ya wanaume kuzungumzia na kulia, kisha akarudi na harufu vidoleni. Na mlinzi mkali wa mwiko huo hakuwa baba. Alikuwa Dani, nyanya yetu. "Mwanamke mla kuku," alisema, "atatangatanga kama kuku mwenyewe. Hakai kwa mume." Dada yangu Akinyi alikuwa akinusa vidole vyake mpaka usingizi unampata. Mimi nilikuwa nikiota paja, nikiamka nimetafuna shuka. Sikutaka nguo mpya wala viatu, nilitaka kuku.

Basi shuleni tukaambiwa anakuja mwalimu wa kujitolea kutoka Amerika. Kijiji kizima kilitoka kumpokea mzungu. Akashuka mwanamke mweusi kuliko sisi, nywele zimetimka kichwani duara zima, na naibu wa chifu akachungulia ndani ya gari, akauliza, "Sasa mzungu ako wapi?" Mgeni alipotafsiriwa maneno hayo alicheka mpaka akashika mlango. Tukamwita Mis Doroti. Siku moja darasani alituambia kwamba yeye mwenyewe, akiwa msichana, aliketi katika mkahawa kama ule wa hadithi za baba, wakamwagia sosi kichwani, na hakuinuka. Mimi na Akinyi tukatazamana.

Baba aliposikia hayo hakuweza kutulia. Akamwalika nyumbani na kumchinjia jogoo niliyemlea mwenyewe tangu kifaranga. Mgeni wa Amerika, hata akiwa mwanamke, alihesabiwa mwanamume, kwa hiyo akaketishwa duol kwenye kiti cha wazee, akapakuliwa firigisi, kipande cha heshima. Tukaingia na maji, tukawanawisha wote. Kisha, badala ya kutoka, Akinyi akaketi chini sakafuni. Nami nikaketi.

"Nendeni jikoni," baba akasema.

Tukakunja miguu palepale.

"Atieno, umesikia?"

"Nimesikia, baba. Lakini hatuinuki mpaka sheria ibadilike."

Yawa! Amu, ndugu yake baba aliyekuwa akila nao, alipaliwa na ugali. Baba hakuweza kutuchapa mbele ya mgeni, wala kutukemea hakuweza, maana maneno yalikuwa yake mwenyewe. Mis Doroti akauliza kuna nini. Akinyi, kwa Kiingereza cha kuokoteza, akamwambia kwamba sisi tunapika na hatuli. Mgeni akaitazama ile firigisi mkononi. Akairudisha sahanini polepole, akashuka kitini, akaketi chini katikati yetu.

Mchuzi ukaanza kuganda. Baba akamtazama amu, amu akatazama paa. Hatimaye baba akajikohoza kama mtu anayepanda jukwaani. "Haya, kuleni," akasema. "Lakini wazee wa soko wasisikie."

Nilishika paja kwa mikono miwili. Mama, aliyekuwa akisikiliza nje, hakungoja kuitwa. Aliingia akachukua bawa kana kwamba alikuwa amelisahau pale. Kisha mlango ukawa giza. Dani alikuwa amesimama na mwiko wa ugali mkononi, anatazama midomo yetu inavyong'aa mafuta. Nilijua nimekwisha.

Baba akainuka, akachukua kipande cha kidari, akampelekea kwa mikono miwili. "Mama, onja tu." Dani alimtukana yeye na redio yake. Lakini mkono wake ulikuwa umeshapokea. Akatugeuzia mgongo, na kwa muda mrefu tuliona mabega tu yakitikisika. Alipomaliza mfupa hakugeuka.

"Kumbe ni tamu hivi," akasema. "Na mama yangu amekufa bila kujua."



Leo naishi Homa Bay. Binti zangu huagiza kuku wa kukaanga kwa simu, boda boda akamleta mpaka mlangoni, nao wakampiga picha kwanza kama bibi harusi. Baba yao akichelewa kutoka kazini anakuta shingo. Redio hakuna, siasa wanazijua za ma-selebu, na ukiwaambia wanawake walikatazwa kuku wanadhani ni ushauri wa daktari. Nafurahi, jamani, kweli nafurahi. Lakini juzi kitinda mimba wangu alisukuma sahani, paja zima halijaguswa, akasema amechoka: kila siku kuku, kila siku kuku.

Nilivuta ile sahani. Nikala paja, nikala ngozi, nikavunja mfupa na kuufyonza, machozi yananitoka na pilipili haikuwemo.

"Mum, pole pole," akaniambia, ameona haya. "Kwani uko na njaa?"

Nikamwambia aniache. Katika ukoo huu wako wanawake wengi waliozikwa na hamu ya kuku, na mezani hapa wa kula kwa niaba yao nilikuwa mimi tu.