Ogola Ndani ya Nailoni

Ukitaka kujua upepo wa Kisumu unavuma vipi, muulize fundi wa rangi ya magari. Asubuhi unatoka upande wa Kibos na Kano, kwenye miwa, na mashamba yakichomwa, masizi membamba meusi hutua mjini juu ya nguo zilizoanikwa, juu ya sufuria, juu ya magari ya watu. Alasiri upepo hugeuka. Sasa unatoka ziwani, na siku ikiwa mbaya unakuja na wale wadudu wadogo wa ziwa, wingu zima, wanaojaa masikioni na puani na wanaopenda rangi mbichi kuliko kitu kingine chochote duniani. Kati ya upepo mmoja na mwingine, adhuhuri, hewa hutulia kidogo. Ogola alijipatia riziki yake katika utulivu huo tangu ujana.

Alikuwa mtu wa Seme. Kazi alifundishwa na Mhindi mmoja mkali aliyekuwa na gereji karibu na reli, na gereji ile ilipofungwa akahamia yadi ya Ephantus, nyuma ya soko la Kibuye. Ephantus alitoka Murang'a kuja kuuza vipuri, akaona magari ya Kisumu yanavyoharibika, akaamua kubaki.

Na yaliharibika kweli. Masizi yakilala juu ya bati na umande ukaanguka, kufikia asubuhi rangi imeliwa, imebaki na madoadoa kama uso uliotoka ndui. Bado kuna kinyesi cha ndege, vumbi la saruji, na chembe za chuma zinazoruka kutoka relini na kuota kutu juu ya boneti. Kazi ya Ogola ilikuwa kuosha uchafu huo, kusugua kwa msasa na maji mpaka kidonda kiishe, kisha kupulizia rangi upya. Gari liliingia yadini limepauka likatoka linang'aa, na mwenye gari alizunguka akijitazama mlangoni kama bwana harusi. Ogola alisimama kando akifuta mikono, akijifanya haoni.

Alifunga kitambaa puani, na akimaliza kupulizia, alikunywa maziwa. Mafundi wote wa rangi mjini walikunywa maziwa. Yanaosha kifua, walisema, yanashuka na rangi yote uliyovuta. Huo ndio uliokuwa udaktari wao, na hakuna aliyejisumbua kuuliza maziwa yanapita njia gani mpaka kifuani. Mkewe, Selpha, alimletea yadini kila siku ya kupulizia, kwenye chupa iliyofungwa kwa gunzi la mahindi, na alihakikisha ameyamaliza kabla hajaondoka.

Mwaka wa tisini na mbili Ogola alianza kukohoa. Mwaka uliofuata akakonda, shati likawa linaning'inia mabegani. Miaka hiyo kukonda Kisumu hakukuwa jambo dogo. Mtu akikonda, majirani walinyamaza akipita, na akishapita walitaja ule ugonjwa bila kuutaja jina. Kwao Seme walisema ni chira, amevunja mwiko fulani, na mjomba mmoja alitaka ukoo ukae kikao utafute ni mwiko gani. Wanawake waliokuwa wakisukana na Selpha wakaanza kuwa na shughuli nyingine.

Ogola alikwenda hospitali, damu ikapimwa, ikaonekana haina neno. Daktari alimsikiliza kifuani kwa muda mrefu.

"Mzee, hii ni rangi," alimwambia. "Kifua imejaa rangi. Maziwa inaenda kwa tumbo, haiendi kwa mapafu. Wacha hiyo kazi."

Ogola alimcheka yule daktari njia nzima mpaka nyumbani, huku akisimama kila baada ya nyumba chache kutafuta pumzi. Alipofika hakucheka tena. Aache kazi, halafu awe nani? Hakuwa na shamba la maana. Mikono yake ilijua kitu kimoja tu. Na mtu aliyekonda akiacha kazi, si amewaambia majirani kwamba maneno yao ni kweli?

Basi akaendelea, akaongeza maziwa.

Ndipo Bwana Waliaula, ofisa mmoja wa Milimani, alipoleta Peugeot yake nyeupe. Alikuwa akizunguka viwanda vya sukari kila wiki, na masizi yalikuwa yamelila gari hilo paa, boneti na milango yote. Jumapili alitaka kwenda nalo kwao Bungoma, kwenye harusi ya mdogo wake. Ogola alilisugua mpaka likabaki laini kama yai, na kwa haraka ya harusi akapulizia asubuhi. Alipoweka mkono wa mwisho, mtu akachoma miwa huko Kano. Peugeot ikapata madoa meusi kila mahali.

Akasugua upya, akapulizia adhuhuri ya kesho yake. Lakini kifua kilimkatiza, akawa anapumzika kila upande, na utulivu ukaisha kabla hajamaliza. Upepo wa ziwani ukafika na wadudu wake. Asiyejua kazi angejaribu kuwatoa mmoja mmoja na kuharibu zaidi. Ogola alikaa juu ya debe akawatazama wakizama kwenye rangi yake, akalia waziwazi, mtu mzima.

Jioni Ephantus alimwita pembeni. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililofanya maneno yake yaume.

"Ogola, mimi sina shida na wewe. Lakini wateja wanaongea. Wanasema hawataki gari ishikwe na mtu mgonjwa."

"Mimi si mgonjwa na hiyo kitu, Ephantus. Nilipimwa."

"Mimi najua. Wao hawajui. Wakiona gari imetoka safi watanyamaza. Wakiona wadudu tena..." Ephantus alitazama chini. "Hii ya Waliaula ikiharibika tena, nitaita fundi mwingine. Nisamehe."

Asubuhi Ogola alisugua Peugeot kwa mara ya tatu, na alipomaliza alikusanya karatasi za nailoni zote alizoweza kupata, zile ngumu za kufunikia mizigo, akazishona kwa waya, akazitundika juu ya gari mpaka chini. Akamwagia sakafu maji kulaza vumbi. Pembezoni akafukia nailoni kwa mchanga ili asipite hata mdudu mmoja. Masizi yasiingie, wadudu wasiingie. Kwamba hewa pia haitaingia, alilifikiria hilo, tusimdharau. Alifikiri akajiambia ni mara hii moja tu.

Adhuhuri akaingia na bunduki ya kupulizia rangi, akafunga nyuma yake.

Jua la Kisumu lilipiga juu ya nailoni, na ndani ikawa tanuri. Ephantus, aliyekuwa nje, alisikia bunduki ikipuliza, ikinyamaza, ikipuliza tena. Alimsikia Ogola akikohoa, lakini kikohozi cha Ogola kilikuwa sehemu ya yadi siku hizo, kama nyundo. Ndani, Ogola alipulizia paa, akapulizia boneti, akashika mlango baada ya mlango. Macho yalimwaga machozi na kitambaa cha puani kilikuwa kimelowa rangi, lakini alipoinama kutazama ubavu wa gari aliona wote ni mweupe, bila doa, haujawahi kuwa safi hivyo hata siku ulipotoka kiwandani. Alifurahi. Hiyo furaha ilikuwa ya kweli na ndiyo iliyomwangusha, kwa sababu angeweza kutoka wakati huo akaishi.

Upepo wa ziwani ulikuwa umefika. Wadudu walitua juu ya nailoni mpaka ndani kukawa kama jioni. Rangi ilihitaji muda ishike, na akifungua tu, wataingia. Akakaa chini kando ya gurudumu, akaushika mlango wa nailoni kwa mikono miwili, akangoja.

Selpha alifika na chupa ya maziwa, akijipangusa wadudu usoni kwa leso.

"Baba Awuor," aliita, maana binti yao mkubwa ni Awuor. "Toka unywe."

"Usifungue," Ogola alijibu kutoka ndani. "Wadudu wataingia."

"Uko sawa?"

"Usifungue, nyar Seme. Bado kidogo tu."

Alikuwa akimwita hivyo, binti wa Seme, walipooana, akimtania kwamba ameshakuwa wa kwao. Selpha aliweka chupa chini, akasubiri. Aliita tena, hakujibiwa. Alivuta nailoni, akaona vidole vya mumewe vimeikaza kwa ndani, vimekaza kweli, na sauti ya mtu hakuna. Hapo hakungoja. Alichukua kisu cha Ephantus mezani akapasua kutoka juu mpaka chini.

Harufu ilimrudisha nyuma. Wadudu wakampita wakaingia kwa wingi. Ogola alikuwa amekaa, midomo ya buluu, kope nyeupe kwa rangi, na kifua kikipanda bila kupata kitu. Aliwaona wadudu. Akainua mkono mmoja kuwafukuza.

"Lete gari," Selpha alimwambia Ephantus.

Yadi nzima ilikuwa na gari moja tu linalowaka, na lilikuwa hilo. Ephantus alisimama na ufunguo mkononi. Alitazama rangi mbichi, akamtazama fundi wake. Alisimama hapo kwa muda mfupi tu, lakini miaka mingi baadaye kila alipokunywa pombe alikuwa akiueleza muda huo na kulia. Selpha hakumsubiri. Alibandika kiganja juu ya mlango mweupe akaufungua, vidole vitano vikazama kwenye rangi, akamsukuma mumewe ndani kwa bega. Ogola alikuwa akitikisa kichwa. Hakuwa na pumzi ya kusema, lakini alikuwa akikataa, na Selpha alijua anakataa nini.

Ephantus akiendesha, walipita mjini kinyume na upepo, wadudu wakilijaza boneti mpaka likawa jeusi.

Hospitalini walimlaza wakamvisha kifuniko cha oksijeni. Midomo yake ikarudi rangi kidogo. Ephantus alikuwa mlangoni, hajui aweke wapi mikono. Ogola alimwona, akavuta kifuniko kando.

"Msiwatoe wadudu," alisema polepole, kila neno na pumzi yake. "Waambie wasifute ikiwa mbichi. Ingojwe ikauke, halafu nitapiga msasa."

"Utapiga," Ephantus alisema. "Kazi ni yako."

Daktari yule yule alikuwa pale. Alimtazama Selpha na kutikisa kichwa, taratibu, ili mgonjwa asione. Ogola alikuwa bado anazungumza, sasa juu ya msasa upi. Selpha alirudisha kifuniko usoni pake, akakishika kwa mikono miwili iliyojaa rangi nyeupe, akakikaza, kwa sababu Ogola alikuwa akijaribu kukivuta tena.