Karani Hapiti Mlango wa Nyuma

Ukiuliza habari za Shangazi pale jengoni, watakwambia kwanza kwamba anaishi na mbwa, na watakwambia huku wanacheka. Waache wacheke. Shangazi anaishi kwa pasi yake, na pasi hiyo imewavalisha watu wa harusini, wa mahakamani na wa mazikoni bila kola hata moja kwenda upande. Mbwa ni nyongeza. Lakini kwa kuwa maneno yameenea na kila mdomo umeongeza chumvi yake, na yasemwe tena mara moja, yalivyokuwa.

Duka lake la dobi liko chini ya jengo la ghorofa nne, mkono wa kulia ukiingia lango kubwa. Mbele kuna meza ndefu ya kupigia pasi, imetandikwa blanketi kuukuu na juu yake shuka jeupe. Nyuma ya meza kuna chumba cha kamba, ambako mashuka huning'inia mpaka ukuta hauonekani. Nyuma zaidi ndiko anakolala. Hakuolewa. Waliokuja kuposa walikuja, waliorudi walirudi, na hilo ni lake na Mungu wake. Shangazi ni jina aliloitwa na watoto wa kaka yake, jengo zima likalidaka.

Mbwa aliingia humo ndani ya furushi la mapazia. Mama mmoja mwenye nyumba kubwa aliyatua mapazia yake mezani akaondoka, na Shangazi alipofungua fundo akakuta kitoto cha mbwa kimejikunja katikati, kinatetemeka, kifua cheupe na mwili mweusi kama mtu aliyevaa shati na koti. Akamkimbilia yule mama mpaka barabarani.

"Mama, umesahau mbwa wako."

"Si wangu mimi," yule mama akajibu bila kugeuka. "Sijui kaingiaje."

Manyoya ya mbwa yalikuwa yamejaa kwenye mapazia tangu juu hadi kwenye pindo. Shangazi aliyatazama, akamtazama yule mama, akasema, "Basi ni wangu." Na njiani akirudi, yule mbwa akiwa ndani ya aproni, alimwambia kwa sauti ya chini kwamba kukanwa mara moja kunatosha.

Akampa jina la Karani, kwa kuwa alipokua alizoea kukaa mlangoni wima, kifua mbele, akimtazama kila anayeingia kama anayetaka kuuliza shida yake ni nini. Kila alfajiri, kabla pasi haijawashwa, Shangazi humtoa uani na kumpangusa mwili mzima kwa glavu ya mpira iliyoloweshwa maji, mpaka unyoya wa mwisho uliolegea umeshika kwenye glavu. Kisha huoga yeye, hubadili nguo, ndipo hugusa nguo za watu. Hajawahi kuruka siku, hata alipougua.

Jioni kazi ikipungua, walikuwa wakija wenzake wa humo jengoni, nao wafugaji. Watu wa ghorofani waliwaita Kamati ya Wazazi, kwa kebehi, nao wakalipokea jina bila kinyongo. Alikuja Kinyozi, mwenye paka mweupe aitwaye Malkia. Alikuja Mlinzi, mstaafu wa lindo la ghala, mwenye kobe aliyempa jina la Haraka. Alikuja Muuguzi wa ghorofa ya pili, mwenye kuku mzee ambaye hakutaga tena na ambaye hakuna aliyethubutu kumtaja karibu na neno sufuria.

"Jana Malkia kanipokea mlangoni," Kinyozi angeanza, maana lazima aanze yeye. "Kapanda begani, kakaa hapa mpaka nikamaliza kula. Mke wangu kaniambia, mbona mimi hujawahi kunibeba hivyo? Nikamwambia, mke wangu, nawe hujawahi kuwa na kilo tatu."

"Ndiyo maana ulikuja kazini na mkwaruzo," Muuguzi akasema.

"Huo wa paka!"

"Sijasema wa nani."

Mlinzi alikohoa, dalili kwamba na yeye ana lake. "Haraka leo katoka jikoni mpaka sebuleni."

"Hongera," akasema Kinyozi. "Alianza lini safari?"

"Juzi."

"Na huyu wako je, Muuguzi? Bado hajataga? Mimi ningekuwa wewe..."

"Malizia," alisema Muuguzi. "Malizia, shemeji, na sindano ninazo mfukoni."

Shangazi alicheka mpaka akaisimamisha pasi. Yeye hakuwa na maneno mengi. Angesema tu kwamba Karani leo alipiga miayo wakati anamsimulia habari za mteja fulani, naye akajua kwamba amezirefusha. Chini ya meza mkia ungepiga sakafu mara moja, kama mtu anayeitikia.

Ndipo akaja Msimamizi mpya. Alikuwa na funguo nyingi kiunoni na alitembea kwa namna ya kuzifanya zisikike. Siku chache baadaye tangazo likabandikwa langoni: wanyama hawatakiwi ndani ya jengo, atakayekutwa na mnyama atatoka pamoja naye, ukaguzi ni Jumamosi asubuhi.

Wa kwanza kufika dukani hakuwa mwanakamati. Alikuwa kaka yake Shangazi, mkaguzi wa shule mstaafu, mtu asiyetoka nyumbani bila koti hata jua likiwa utosini.

"Mdogo wangu," alisema hata kabla ya kukaa, "nimelisoma. Sasa nisikilize. Watu watasema binti wa yule seremala katupwa nje na vyombo vyake kwa ajili ya jibwa. Jina la baba litaokotwa barabarani."

"Watasema, kaka. Wasiposema watashindia nini?"

"La kuvunda halina ubani. Nina rafiki mwenye shamba. Nitakuja kunapokucha, nimchukue, nimpitishe mlango wa nyuma. Hakuna atakayeona."

Shangazi aliendelea na mkono wa shati mpaka akaufikisha kwenye kifungo. "Karani hapiti mlango wa nyuma. Kule tunamwaga maji machafu."

"Usinifanyie kiburi."

"Nimekirithi. Unakumbuka lile kabati la baba?"

Kaka mtu alikumbuka. Baba yao aliwahi kutengeneza kabati likapinda, mlango mmoja ukawa haufungi. Wanafunzi wake walitaka lipasuliwe kuni kabla mtu hajaliona. Yeye akaligonga alama yake, ileile aliyogonga kwenye vitanda vya matajiri, akaliweka mbele ya karakana. Aliyeuliza ni la nani aliambiwa, "Langu hilo." Halikununuliwa kamwe. Lakini tangu siku hiyo hakuna aliyemshuku yule mzee kwa neno lolote alilolisema juu ya mbao.

"Baba alikiri kabati," kaka mtu alisema mwishowe. "Kabati halibweki."

Angekuwa peke yake, Shangazi angemngoja Msimamizi mlangoni na mbwa wake mkononi. Ila jioni hiyo Kamati ilikuja na nyuso za msiba. Muuguzi alikuwa na watoto wadogo na hakuwa na pa kuwapeleka. Kinyozi ndiye aliyeleta shauri: wanyama wote waingizwe chumba cha kamba, nyuma ya mashuka mabichi, maana hakuna mwanamume anayependa kupita kwenye mashuka yanayochuruzika, nao wenyewe wakiulizwa, kila mtu aseme hana.

"Neno moja tu," alimsihi. "Sina. Linakugharimu nini, Shangazi?"

Alikubali kwa ajili yao. Likamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Jumamosi waliwaingiza mapema, Malkia ndani ya kapu, kuku ndani ya boksi, Haraka chini ya benchi. Shangazi alimshika Karani taya kwa mikono miwili akamwambia, "Tulia." Karani akajilaza. Kaka mtu alikuwepo, koti limefungwa vifungo vyote, amekuja kuhakikisha jina la nyumba linaamka salama.

Msimamizi aligonga milango yote kisha akawakusanya watu uani, mbele ya duka la dobi. Akamwuliza Kinyozi. Sina, akasema Kinyozi. Akamwuliza Mlinzi, naye akasema sina huku akitazama mawingu. Muuguzi alitikisa kichwa tu.

"Na wewe, mama dobi? Wewe nimesikia una jibwa."

Shangazi alifungua kinywa. Lile neno lilikuwa pale, dogo, jepesi, na ulimi ukakataa kulinyanyua. Kaka yake akamwahi.

"Dada yangu hana mbwa. Familia yetu haina tabia ya kufuga mbwa."

Mle chumbani hapakusikika hata kukwaruza. Karani alikuwa ameambiwa atulie, na alikuwa ametulia. Angalau angebweka, Shangazi aliwaza. Angebweka, ingekuwa amejitetea mwenyewe. Huyu alikuwa gizani anamwamini.

"Nashukuru, mzee," alisema Msimamizi. "Nilijua watu wa heshima kama nyie hawawezi kulala na jibwa lenye upele."

"Upele?" aliuliza Shangazi.

"Mdogo wangu, yaishe," kaka mtu alinong'ona.

"Hayajaanza. Upele umeuona wapi?"

"Ndivyo nilivyosikia. Viroboto pia." Msimamizi akatabasamu. "Lakini si mbwa wako, mama. Wewe unaumia nini?"

Si wako. Shangazi aliyaona mapazia yale, na mgongo wa yule mama ukienda zake bila kugeuka.

"Ni wangu," alisema.

Akageukia chumba cha kamba. "Karani! Njoo, mwanangu."

Shuka lilitikisika. Karani akatoka nalo, pembe moja imemnasa mgongoni na kuburura nyuma kama joho la hakimu, akaja akaketi kando ya mguu wake, kifua mbele, akamtazama Msimamizi kama anayeuliza shida yake ni nini.

"Mguse," alisema Shangazi. "Umtafute huo upele. Hutaki? Basi jitafute mwenyewe. Shati ulilovaa aliniletea mke wako juzi. Kola hiyo nimeinyoosha mimi, juu ya meza hiyo, na huyu amelala chini yake. Nionyeshe unyoya mmoja. Wa dawa tu!"

Watu walisogea. Msimamizi, asijue kama akasirike au ajikague, alijikuta anautazama mkono wake wa shati, na baada ya mkono akatazama kifua. Bibi mmoja wa ghorofa ya tatu akavaa miwani yake na kumzunguka mgongoni.

"Safi kabisa," alitangaza. "Mke wako ana bahati."

Vicheko vilimpandisha Msimamizi damu. "Nimefurahi umekiri mwenyewe. Basi ni wewe peke yako utakayetoka."

Shangazi hakuwatazama wenzake. Aliona viatu vyao tu, vyote vimetulia palepale vilipo. Alikuwa amewaahidi kuwafichia, naye angewafichia. Akaweka mkono juu ya kichwa cha Karani. Mtu anaweza kusimama peke yake akiwa amesimama na chake.

Msimamizi angeondoka hapo angekuwa ameshinda. Lakini mshindi hajui kunyamaza. "Na nikimpata mwenye yule paka mchafu anayekojoa kwenye ngazi," alisema, "naye atakufuata."

"Malkia hakojoi kwenye ngazi!" Kinyozi alipaza sauti. "Ana beseni lake na mchanga wake, na nautupa kila siku!"

Kisha akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Jengo zima likaangua kicheko hadi watu wa ghorofa ya nne wakatoka kwenye vibaraza. Ni kosa ambalo mwizi hafanyi, wala mwongo. Hulifanya anayependa tu, akisikia chake kinachafuliwa.

"Basi," alisema Kinyozi, akaishusha mikono. "Wangu yumo humo kwenye kapu. Na ni msafi kukushinda."

Mlinzi alinyoosha mgongo kama yuko kwenye lindo. "Wangu ni kobe. Mnivumilie, kutoka kwake kutachukua muda."

Muuguzi akafuata. Aliingia, akatoka na kuku wake mikononi, na kwa kuwa kapu la Malkia lilikuwa limenasa kwenye kamba na Kinyozi analivuta kwa fujo, akamkabidhi kuku mtu aliyekuwa karibu zaidi ili akamsaidie. "Nishikie, kaka yangu."

Mtu huyo alikuwa mkaguzi wa shule mstaafu. Alimpokea kama anavyopokewa mtoto wa watu, mbali na koti kwanza, kisha, kuku alipopapatika, kifuani kabisa.

"Mzee," Msimamizi alimgeukia, "wewe ndiye uliyesema familia yenu haifugi."

Kaka mtu alimtazama dada yake, akamtazama na mbwa. Alionekana anatafuta mahali pa kumweka kuku, asipate.

"Nilisema uongo," alijibu. "Na umenitoka vibaya, kwa sababu kwetu hatuna mazoezi nao. Mbwa huyu ni wetu. Ukitaka kuandika jina, andika la baba yetu. Lilishabeba kabati, hata mbwa litambeba."

"Mwisho wa mwezi wote mnatoka!"

"Mwisho wa mwezi utatukuta hapahapa," alisema Shangazi, anakunja shuka lililochafuka kwa ajili ya kulirudisha kwenye beseni. "Na nguo zako za wiki ijayo zilete mapema. Foleni ni ndefu."

Mwisho wa mwezi alikuja kweli, na funguo zake. Akakuta milango minne iko wazi, na kwenye kila kizingiti mwenye mlango ameketi na mnyama wake. Haraka tu ndiye aliyekuwa bado njiani. Msimamizi alisimama uani, akahesabu ni wangapi wa kuwaburuta nje mbele ya jengo zima linalochungulia, akasema atarudi. Hajarudi.

Tangazo bado limebandikwa langoni. Hakuna aliyelibandua, na Shangazi amewakataza wanaotaka kulichana. Kila jioni akishazima pasi, hujifunga khanga yake safi, humwita Karani, na wawili hao hutoka nje kwa lango kubwa, chini ya maandishi yaleyale, polepole, ili mwenye kutaka kusema apate nafasi ya kusema.