Kidole Kizima cha Mpiga Piano

Mpiga piano wa baa ya Verlene, kusini mwa Chicago, ana walimu kumi na wanne, wote wanaume mashuhuri na wote marehemu, kwa hiyo hakuna wa kumkana. Kila Jumamosi mchana hufuta vitufe kwa leso, hukohoa, kisha huwataja mmoja mmoja kama anayesoma ukoo wa wafalme. Ndipo mkono wake wa kushoto huanza kunguruma bugi-wugi, muziki wa dansi wa piano, kama treni ya mizigo. Jumamosi iliyopita bibi mmoja mwenye kofia ya kanisani alimsogelea.

"Kaka, besi hiyo ya mkono wa kushoto ni ya mama yangu, Arzella, yule dobi. Ulijifunzia sebuleni kwetu. Mpaka leo unairuka noti ya chini kabisa."

"Huo ndio mtindo wangu, dada."

"Mama aliiruka kwa sababu mashine ya kufulia ilimkata kidole cha mwisho cha mkono huo. Wewe chako kimekatwa na nani?"

Baa nzima ikaangua kicheko. Mpiga piano akakitazama kidole chake cha mwisho, kizima, kimenyooka hewani. Akajaribu kuipiga ile noti. Treni ikaacha reli.

"Verlene!" akafoka. "Fundi wa piano utamwita lini?"