Mikaratusi Kwenye Shamba Lililolala

Ilianza Jumatano, saa mbili na robo asubuhi, Januari ile niliyokuwa kidato cha pili. Bwana misitu alikuja shuleni na trekta limejaa miche ya mikaratusi, akasema kila kilima kitupu cha Mbinga kitakuwa msitu. Tukapiga makofi. Halafu akanyoosha kidole kuonyesha kilima cha kuanzia, nikaacha kupiga makofi. Lilikuwa shamba letu.

Lilikuwa limelala mwaka wa tatu, tumelipumzisha lirudishe rutuba, nyasi zinanifika kifuani. Mwezi wa tatu tungezifyeka, tuchimbe ngolo, yale mashimo yetu ya mteremkoni, tupande maharage. Tangu ushirika ulipokufa na kahawa ikawa ya walanguzi, mama alikuwa anategemea maharage hayo tu.

Tulipofika, bwana misitu akauliza mbele ya darasa zima, "Hapa pana mwenyewe?"

Mimi hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni naona haya, nitaijibuje serikali? Rafiki yangu akanifinya. "Sema basi, we bubu!"

Nikainama nikachukua mche. Tukapanda.

Saa sita mama akaja mbio, jirani kamwambia.

"Habari za kazi, baba. Shamba hili limelala, halijatupwa."

"Mama, siku hizi nyasi nazo ni shamba?" Wenzangu wakacheka. "Nimeshaandika, msitu wa kijiji. Atakayeng'oa mche atanitambua."

"Mbona hamkuuliza?"

"Niliuliza. Hakuna aliyejibu."

Mama akanitazama, nimeshika mche. Hakunigombeza, hata nyumbani. Afadhali angenichapa. Wakati wa kula ndipo aliposema, "Kumbe na wewe ulikuwepo."

Alhamisi alfajiri nilikwea peke yangu, nia yangu ning'oe mistari yote kabla ya kengele. Mche wa kwanza ulitoka na kiriba chake, kile kimfuko cha nailoni cha kitaluni, hakikuwa kimechanwa. Wa pili vilevile. Tulikuwa na haraka ya kumaliza, na wala hakupita mtu kukagua. Mizizi ingejisokota humo mpaka ife, na daftarini kwa bwana misitu pangebaki pameandikwa msitu. Hata ningeing'oa miche yote, bado shamba lisingerudi kwa mama. Nikairudisha miwili ile shimoni na viriba vyake, ijifie yenyewe, nikashindilia udongo kwa mguu, nikateremka kuwahi mstari wa asubuhi shuleni.