Kaseti Kubwa na Kaseti Ndogo

Mama yangu hana sura. Kwenye kaseti kubwa, ile ya VHS, anacheza harusi ya dada yangu. Kitenge kinaonekana, mikono inaonekana, lakini pa uso kuna weupe tu unaotetemeka. Kaseti hiyo ilipona kwa sababu shangazi alikuwa nayo Bujumbura. Picha zetu zingine ziliondoka na nyumba.

Fundi wa Kavimvira, anayehamisha kaseti kwenye fulashi, aliirudisha nyuma, akaitazama tena.

"Mama, mashini yangu haina kosa. Hii iko kopi ya kopi. Original iko wapi, kaseti ndogo ya kamera?"

"Iliibwa pamoja na kamera yake."

"Basi sura ya mama utabaki nayo kichwani."

Ndiyo shida yenyewe. Kichwani haimo tena.

Mwizi namjua. Siku tulipovamiwa tukaikimbia nyumba, redio ilisema "watu wenye silaha wasiojulikana". Wasiojulikana na nani? Ni jirani wetu wa nyuma, mwenye bati la bluu. Yeye ndiye aliwaonyesha mlango wetu, na mama alikuwa nyuma ya mlango huo. Miaka yote tulikutana naye sokoni, akiapa hajawahi kukanyaga kwetu. Amekufa juzi juzi, kitandani kwake, amefunikwa blanketi.

Mjane wake ndiye aliniletea kaseti ndogo, ameifunga ndani ya soksi.

"Dada, nimesikia unaitafuta. Chukua kitu chenu."

Tulienda naye kwa fundi. Yeye akabaki nje, kwenye benchi.

Fundi akaiingiza. Jamani, tofauti! Kubwa ilikuwa kama kuangalia ndani ya maji machafu. Hii ndogo, hata maua ya pazia unayaona. Pazia zetu. Lakini haikuwa harusi. Ilikuwa sherehe ya jirani, ndani ya salon yetu, sebuleni kwetu, wageni juu ya viti vyetu, wanakunywa na vikombe vya mama. Jirani akasogelea kamera, akacheka.

"Mama, wamerekodi juu ya harusi," fundi akasema, akapunguza sauti.

"Iache iende."

Wakacheza, wakakula. Halafu mistari ikapita, uso wa jirani ukapasuka katikati ya kicheko, na palepale kwenye mdomo wake akatokea mama. Chumba kilekile, pazia zilezile. Wazi kabisa: kovu kwenye nyusi, jino lililopanda lingine. Alitutazama, akanyoosha kiganja.

"Inatosha sasa. Zima."

Alikuwa anamwambia baba, aliyeshika kamera siku ile. Najua. Lakini fundi alizima mashini kweli, na hakuna aliyemtuma.

Kisha akauliza, "Nikate pale pa wale wengine?"

"Usikate. Watoto wangu wamuone mama yangu, na wamuone aliyekalia viti vyake."

Nje, mjane alisimama.

"Umemuona mama?"

"Nimemuona."

Akakunja ile soksi, akaikunja tena. "Na mume wangu, anaonekana?"

"Anaonekana vizuri. Meno yote."

Hakuniomba kopi.